"Ni Vitamini Tu": Somo la Kumsaidia Mgonjwa wa Saratani Baada ya Upasuaji

Hapa chuoni ukitaja "sapu" kila mtu anashtuka. Ni mtihani wa marudio na hakuna anayeutaka. Lakini wodini nako kuna sapu yake: vidonge, sindano na unga ambavyo mgonjwa anakabidhiwa siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hiyo nayo ukiidharau utarudi, na pengine utarudi ukiwa umebebwa.

Naandika somo hili kwa sababu niliidharau mimi, na aliyelipa gharama ni shangazi yangu.

Shangazi anaishi Mbuba, wilayani Ngara. Alipata saratani ya mfuko wa chakula, akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya rufaa, na mfuko wote ukaondolewa. Siku ya kutoka alipewa vidonge vya madini ya chuma, vidonge vya kalsiamu, na maagizo ya kuchoma sindano ya vitamini B12 kila baada ya miezi mitatu. Maagizo yalikuwa kwenye karatasi, kwa Kiingereza. Kwa kuwa msomi wa ukoo ni mimi, karatasi ikaletwa kwangu. Nilikuwa mwaka wa kwanza famasi, nimesoma nusu muhula, najiona daktari kamili.

Shangazi akaniuliza, "Na hii sindano, mwanangu, ni ya nini?"

Nikamjibu, "Ni vitamini tu, shangazi."

Lile neno "tu" likafanya kazi yake. Mwaka wa kwanza alichoma sindano zote. Mwaka wa pili akawa amepata nguvu, anapalilia maharage mwenyewe, na nyumbani kuna ada za watoto na nauli imepanda. Ilipofika zamu ya kupunguza matumizi, sindano ikakatwa ya kwanza. Na kwa nini isikatwe? Msomi alishasema ni vitamini tu, na vitamini si zipo kwenye chakula?

Baada ya muda akaanza kuchoka. Ulimi ukawa mwekundu, laini, unauma akila kitu cha moto. Miguu ikafa ganzi, na usiku akitoka nje anayumba kama aliyelewa. Duka la dawa wakamuuzia vidonge vya kuongeza damu. Damu ikapanda kidogo, kila mtu akafurahi, lakini ganzi ikazidi kupanda. Wapo waliosema saratani imerudi. Wapo waliosema mambo mengine yanayosemwa usiku. Mwishowe daktari mmoja akauliza swali moja: "Sindano ya mwisho ya B12 alichoma lini?" Hakuna aliyejua.

Saratani haikuwa imerudi. Alianzishiwa sindano upya, mfululizo, na ndani ya wiki chache ulimi ulipona na nguvu zikarudi. Ganzi ya vidole vya miguu haikuisha mpaka leo. Mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12, sehemu ya uharibifu hubaki.

Basi tujifunze, ili kosa langu liwasaidie wengine.

1. Kwa nini apewe virutubisho?

Tuanze na B12, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Vitamini hii imo kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Lakini ili iingie mwilini inahitaji kusindikizwa. Ukuta wa mfuko wa chakula hutengeneza protini maalumu inayoishika B12 na kuifikisha mwisho wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo hunyonywa. Mfuko ukiondolewa, msindikizaji hayupo tena. Sisi watu wa Ngara tunaielewa vizuri kwa mfano wa Rusumo: lori limefika mpakani, mzigo umejaa, dereva yupo, ila hati hakuna. Litakaa pale pale. Ndiyo maana shangazi angeweza kula maini kila Jumapili na bado akapungukiwa.

Sasa mtego uko hapa. Ini huhifadhi akiba ya B12 inayoweza kumtosha mtu miaka kadhaa. Kwa hiyo anayeacha sindano leo hatasikia kitu kesho, wala mwezi ujao. Atajiona mzima kabisa, atawaambia na majirani kwamba zile sindano zilikuwa za kupoteza hela. Akiba inamalizika kimyakimya, na dalili zikija hakuna anayekumbuka kuziunganisha na sindano iliyoachwa.

Mtego wa pili ni ule wa duka la dawa. Vidonge vingi vya kuongeza damu vina madini ya chuma na asidi ya foliki. Foliki inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Picha ya damu inapendeza, mgonjwa anaharibikiwa. Hicho ndicho kilichompata shangazi.

Madini ya chuma nayo yanahitaji tindikali ya mfuko wa chakula ili yanyonywe vizuri, na hunyonywa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ambayo baada ya upasuaji wa namna hii mara nyingi chakula hakiipiti tena. Kalsiamu na vitamini D pia hupungua, na mifupa hudhoofika taratibu. Kwa mtu asiye na mfuko wa chakula, kalsiamu ya aina ya sitreti hunyonywa vizuri kuliko ile ya kaboneti, kwa sababu haihitaji tindikali. Hilo ni jambo la kumuuliza mfamasia.

Halafu ipo nyongeza isiyo kidonge: nguvu na protini. Kidonda cha upasuaji kinajengwa kwa protini, na saratani yenyewe hula misuli ya mtu. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inataka kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1, ikiwezekana hadi gramu 1.5, kwa kila kilo. Mwenye kilo 50 tukimpigia gramu 1.2 kwa kilo, anahitaji gramu 60 za protini kila siku.

Mwenzangu wa Mbuba usiogope hizo hesabu. Mayai 2 yana gramu 12 hivi. Maziwa nusu lita, 16. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Konzi ya karanga, 7. Dagaa wakavu gramu 20, waliosagwa wakachanganywa kwenye uji au mchuzi, 12. Jumla ni 62. Yale makopo ya unga wa protini yanayouzwa famasi yana kazi yake, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kumeza kitu kizito. Lakini familia isiyoweza kuyanunua isidhani mlango umefungwa. Uji wa mahindi, soya na karanga, wenye maziwa na kijiko cha mafuta, ni nyongeza halali. Sharti moja tu: karanga zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu haina huruma na ini.

Na si kila mgonjwa anahitaji kila kitu. Aliyeondolewa titi hajapoteza msindikizaji wa B12. Yeye anahitaji mlo mzuri na vile tu alivyoandikiwa. Aliyepasuliwa utumbo, inategemea kimekatwa kipande gani na kirefu kiasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari liwe: "Umeondoa nini, na kilichoondolewa kilikuwa kinafanya kazi gani?"

2. Kwa nini wanaacha?

Tusiwalaumu wagonjwa haraka. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2003 kuhusu tiba za muda mrefu, likaonyesha kwamba hata katika nchi tajiri wanaozifuata ipasavyo ni wastani wa asilimia 50. Nusu! Na kule lami ipo na famasi iko kila kona. Kwa hiyo kuacha dawa ni tabia ya binadamu, sio ushamba wa mtu wa kijijini.

Sababu ninazozijua kutoka nyumbani ni hizi.

Ya kwanza, haoni faida. Dawa ya maumivu unameza na maumivu yanapoa. Kalsiamu unameza na hakuna kinachotokea.

Ya pili, inamsumbua. Vidonge vya chuma huleta kichefuchefu, hufunga choo na hugeuza choo kuwa cheusi. Mtu aliyetoka kwenye saratani ya tumbo akiona choo cheusi anadhani anavuja damu ndani. Asipoambiwa mapema, ataacha siku hiyo hiyo.

Ya tatu, uji umemgeuka. Hii wengi hawaijui. Asiye na mfuko wa chakula akinywa kitu kitamu sana kwa mkupuo, kinaanguka moja kwa moja kwenye utumbo. Ndani ya nusu saa anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linakata, anaharisha. Wageni wanakuja na soda na glukosi kwa upendo, uji nao umejaa sukari, na mgonjwa anahitimisha: "Huu unga wenu unaniua." Kumbe shida ni sukari na haraka. Uji uwe na sukari kidogo sana au usiwe nayo, anywe kidogo kidogo, ale mara 6 kwa siku badala ya 3, na maji anywe nusu saa kabla au baada ya chakula.

Ya nne, pesa na umbali. Kidonge kinaweza kuwa cha bei rahisi na nauli ya kukifuata ikawa mara tano yake.

Ya tano, neno "tu". Hili ni letu sisi tuliosoma.

3. Kifua kikuu kilishatufundisha

Jambo zuri ni kwamba nchi hii ina uzoefu wa kuwasaidia watu kumaliza dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo kutoka Chekoslovakia alifanya kazi na Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania. Wakaunda utaratibu rahisi: dawa zisikatike, mgonjwa aandikwe kwenye daftari, afuatiliwe mpaka mwisho, na kuwepo mtu anayemwona akimeza. Utaratibu huo uliojaribiwa hapa nyumbani ndio uliozaa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliupeleka dunia nzima katikati ya miaka ya 1990. Baadaye Tanzania ikaongeza kitu muhimu: mgonjwa anaweza kumchagua msaidizi wake wa matibabu nyumbani, mtu anayemwamini mwenyewe.

Tazama nguzo zake: dawa ipo, rekodi ipo, mtu yupo. Hakuna mtambo hapo wala umeme. Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu awe na msaidizi wa miezi 6, na anayetakiwa kuchoma B12 maisha yake yote asiwe na mtu? Hili ndilo wazo langu kuu kwako msomaji: kirutubisho cha baada ya upasuaji kipewe heshima ya dawa, na mgonjwa apewe msaidizi.

4. Kazi ya msaidizi, hatua kwa hatua

*Jua kila kimoja na kazi yake.* Keti na karatasi ya hospitali, uandike upya kwa Kiswahili. Jina, saa, kiasi, na sentensi moja ya sababu. Kwa shangazi sasa imeandikwa: "Sindano ya B12: inafanya kazi ambayo mfuko wa chakula ulikuwa unafanya. Maisha yote." Usipoelewa, rudi ukaulize. Kuuliza sio aibu. Aibu ni ile ya kwangu.

*Tenganisha vinavyogombana.* Chuma na chai havipatani. Chai ya rangi hupunguza unyonyaji wa chuma, na maziwa na kalsiamu vilevile. Chuma kimezwe kwa maji, au na chungwa, kisha saa mbili zipite kabla ya chai, maziwa au kalsiamu. Kikimchafua sana tumbo, amwone mtoa huduma abadilishiwe aina au kiasi. Asiache kimya.

*Funga kidonge kwenye jambo ambalo halisahauliki.* Saa ya simu ni nzuri mpaka chaji iishe. Shangazi anameza chuma akirudi kukamua, kabla ya moto wa chai kuwashwa. Kalsiamu anameza na chakula cha jioni. Sindano tumezipa miezi: wa kwanza, wa nne, wa saba, wa kumi. Imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, na kila mtu wa nyumba ile anaijua kama anavyojua siku ya gulio.

*Hesabu kabla havijaisha.* Kila Jumapili baada ya kanisa mtoto wa shule anahesabu vidonge vilivyobaki. Vikifika vya wiki mbili, tunanunua. Kusubiri viishe ndipo uanze kutafuta nauli ni kupanga kukosa.

*Uliza bila kushtaki.* Ukiuliza, "Umemeza?" utajibiwa, "Nimemeza." Mtu mzima hapendi kukaguliwa na mtoto aliyembeba mgongoni. Mimi huwa nampigia: "Shikamoo shangazi. Watu wengi huwa wanaruka siku. Wewe wiki hii umeruka ngapi?" Ananicheka, halafu ananiambia ukweli: "Mbili, mwanangu. Nilikwenda msibani." Hapo tunapanga: siku za msiba, vidonge viende naye, vimefungwa kwenye leso.

*Mpime.* Uzito kila mwezi, kwenye zahanati au kwa msaada wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Uzito ukishuka mfululizo, au akipata ganzi, kuyumba, ulimi kuuma, kutapika kusikokoma, au chakula kukwama kooni, aende hospitali akiwa na ile karatasi. Kwa Ngara tuna Murgwanza, tuna Rulenge. Usisubiri mpaka iwe safari ya Mwanza au Dar es Salaam. Na mweleze daktari mapema kabisa, "Huyu hana mfuko wa chakula." Usidhani ataliona kovu akajua yote.

5. Onyo kwa wenzangu wa hosteli

Nimalizie na sisi wenyewe. Hapa hosteli kuna wenzetu wanaouza virutubisho vya makopo kwa mtindo wa kuingiza watu chini yako. Boom likitoka, kopo linanunuliwa, na la kwanza kulipigiwa debe ni ndugu mgonjwa kijijini: eti linasafisha saratani. Jamani, tuache.

Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika Ufini kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, kile kirutubisho cha kwenye karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Watafiti walitegemea iwakinge. Hata foliki, iliyo ya kawaida kabisa, inaweza kuzidisha madhara ya baadhi ya dawa za saratani kama kapesitabini. Mgonjwa aliye kwenye matibabu asiongezewe kitu chochote bila daktari wake kujua, hata kama kopo limechorwa majani ya kijani.

Tofauti ni hii: sindano ya shangazi inarudisha kitu ambacho upasuaji uliondoa, na tunajua ni kipi. Kopo la hosteli linaahidi kila kitu kwa kila mtu. Hela ya kopo moja ingenunua mayai ya mwezi, dagaa, na nauli ya kwenda kuchoma sindano.

Maswali ya kujadili

1. Mgonjwa aliyeondolewa mfuko wote wa chakula anakwambia, "Nakula samaki na mayai kila siku, B12 ya nini?" Mjibu kwa maneno yasiyozidi matano ya kitaalamu.

2. Kwa nini damu kupanda sio ushahidi wa kutosha kwamba mgonjwa huyo yuko salama?

3. Mchague ndugu au jirani mmoja mwenye dawa za muda mrefu. Nani ni msaidizi wake? Kama hayupo, utafanya nini likizo hii?

Likizo iliyopita nilikuwa Mbuba mwezi wa saba. Nilimsindikiza shangazi kuchoma sindano, kwa bodaboda, vumbi tupu. Pale kwenye benchi jirani mmoja alimuuliza anaumwa nini. Shangazi akasema haumwi. Amekuja kuchukua kazi ya mfuko wake wa chakula.

Hakusema "tu".